Jibu Lisilopokelewa Katika Lugha ya C

Waandishi wa programu za C huita printf kila siku bila kupokea jibu lake, ingawa hurudisha idadi ya herufi ilizochapa. Wapo wanaouona huu kuwa uzembe wa waasisi wa lugha hiyo. Kwa maoni yangu, hukumu hiyo inapuuza C ilikotoka. Dennis Ritchie aliijenga katika maabara za Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, juu ya B, lugha ya Ken Thompson isiyotofautisha aina za data. Fanksheni isiyotajiwa aina ilihesabiwa kuwa inarudisha namba kamili, na kitabu cha Kernighan na Ritchie cha 1978 hakikuwa na void, neno la kutangaza kwamba fanksheni hairudishi kitu. Hata x = 5; katika C ina thamani, nayo hutupwa pale pale. Tena kutupa hakukugharimu chochote: kwenye kompyuta ya PDP-11 jibu lilibaki katika rejista r0 hadi kazi nyingine ilipoifuta.

Kompaila za baadaye zilijifunza kunufaika na ukimya huo. GCC ikikuta printf("Habari\n") ambayo jibu lake halitumiki, huweza kuibadilisha kuwa puts, iliyo nyepesi kwa kuwa haina mpangilio wa kuchambua. Jibu likitumika, printf hubaki, maana puts haiahidi kurudisha idadi ya herufi.

Pingamizi zito ni kwamba ukimya huohuo huficha hatari. Mwaka 2010 ilibainika kwamba programu ya adbd kwenye Android iliita setuid ili kuvua mamlaka ya root, bila kukagua jibu. Mshambuliaji alijaza kikomo cha michakato, setuid ikashindwa, adbd ikaendelea na mamlaka yote. Hata hivyo, kulazimisha kila jibu lipokelewe si tiba. Chombo cha lint cha Stephen Johnson kililalamikia majibu yaliyotupwa tangu miaka ya 1970, na watu wakakinyamazisha kwa kubandika (void) mbele ya kila printf. Anayejua jibu lipi ni taarifa tu na lipi ni onyo ni aliyeandika fanksheni, na inasikitisha kwamba kiwango rasmi cha C kilimpa alama ya kusema hivyo, nodiscard, katika C23 tu. GCC ilikuwa imetangulia na alama yake yenyewe: katika maktaba ya glibc setuid inayo, printf haina.