Utando Alioutazama Meryon: Historia ya Ugonjwa wa Duchenne

Ugonjwa wa Duchenne, unaodhoofisha misuli ya watoto wa kiume hadi wakashindwa kutembea, umepewa jina la tabibu Mfaransa, ingawa Mwingereza Edward Meryon alikuwa amekwisha kuueleza barabara kabla yake. Mwishoni mwa mwaka 1851 Meryon aliwaarifu matabibu wenzake wa London kwamba maradhi hayo yalifuata ukoo, yakawapata wavulana, na kwamba uti wa mgongo wa marehemu aliyemchunguza ulikuwa mzima. Bali kwa hadubini aliona kuwa utando, yaani ngozi nyembamba inayozunguka kila uzi wa msuli, ulikuwa umeharibika.

Guillaume Duchenne, aliyeandika kwa kirefu mwaka 1868, hakukosa sifa yake, kwani alibuni sindano ya kunyofoa kipande cha msuli wa mgonjwa aliye hai. Mwaka 1879 William Gowers akaeleza jinsi mtoto mgonjwa anavyoinuka sakafuni: hutegemeza viganja chini, huinua makalio, kisha hukwea mapaja yake mwenyewe kwa mikono, kidogo kidogo, hadi asimame wima. Dalili hiyo, ambayo kuitambua hakuhitaji chombo chochote, ingali ikitumiwa na madaktari.

Jeni inayohusika, yaani sehemu ya urithi yenye maagizo ya kuunda protini fulani, imo katika kromosomu ya X, ambayo mwanamume anayo moja na mwanamke mbili. Kwa hiyo mama mwenye jeni moja mbovu kwa kawaida husitiriwa na ile nzima, lakini mwanawe akiirithi hana akiba. Kundi la Louis Kunkel huko Boston liliipata jeni hiyo mwaka 1986, na mwaka uliofuata protini yake ikaitwa distrofini. Kazi yake ni kuuimarisha utando wa uzi wa msuli usichanike unapojikaza, na hapo ikadhihirika kwamba Meryon alikuwa ametazama mahali penyewe.

Tiba imekwenda kwa mwendo wa kobe. Jeni hiyo ni kubwa mno kubebwa na virusi vinavyotumiwa kuingiza jeni mwilini, hivyo wataalamu waliunda toleo lililofupishwa, ambalo Marekani iliidhinisha mwaka 2023 kwa watoto wa miaka 4 na 5, ikapanua idhini mwaka 2024, kisha ikaibana mwaka 2025 baada ya wagonjwa kufa kwa ini kushindwa kufanya kazi. Wagonjwa wengi wangali wakitegemea dawa za steroidi, ambazo haziigusi jeni, ila huchelewesha siku ya kuhitaji kiti cha magurudumu.