Majani ya Bwana Mkubwa

Newala haina mto. Mtu akisimama pale Shimo la Mungu, ukingoni mwa mji, anaona bonde la Ruvuma limelala chini yake na upande wa pili ni Msumbiji, lakini yeye mwenyewe yuko juu, kwenye mchanga unaomeza mvua yote ya kuanzia Desemba mpaka Aprili. Maji yanazama na kwenda kutokea huko chini, kwenye mabonde. Kwa vizazi vingi wanawake wa Kimakonde waliteremka kuyafuata, wakapanda nayo kichwani. Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig aliyekaa Masasi na Newala mwaka 1906, aliiandika taabu hiyo ya maji. Walioichagua nchi hii walikuwa na sababu zao. Mvamizi mwenye akili hapandi mlima kuingia kwenye vichaka vizito mahali ambapo hajui atakunywa nini.

Sasa weka juu ya mchanga huo kiwanja cha majani mafupi, ya kijani, yanayomwagiliwa mwezi Agosti. Si malisho, maana mbuzi akiyasogelea anatupiwa mawe. Si mboga, si dawa. Yapo ili yatazamwe kutoka barazani. Kiwanja cha namna hiyo kilikuwapo Newala mwanzoni mwa miaka ya 1950, mbele ya nyumba ya ofisa mmoja wa Kiingereza, na aliyekuwa akiyakata majani yake ni mjomba wa mama yangu. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno, na mjomba wa mama ana neno zaidi. Mimi namwita Babu.

Sikumwendea kwa habari za majani. Nasoma shahada ya pili ya historia, na utafiti wangu ni wa kazi za ujira katika wilaya za Masasi na Newala kabla ya uhuru. Nilitaka korosho. Nilikuwa na maswali yangu yamepangwa vizuri kwenye daftari: nani alipalilia, nani aliokota, nani alilipwa nini. Babu, ambaye sasa anakaribia miaka 90, alisikiliza mpaka swali la tatu akanikata.

“Mjukuu wangu, hela yangu ya kwanza haikutoka kwenye korosho. Niliisukuma.”

Alichokisukuma ni mashini. Ndivyo anavyoitamka mpaka leo, na nikisema mashine ananisahihisha. Ilikuwa na magurudumu mawili ya chuma, mpini wa mbao, na katikati visu vitano vilivyopindwa kama uzi wa parafujo. Haikuwa na injini wala mafuta. Ukiisukuma, magurudumu yanazungusha visu, na kila kisu kinapita juu ya ubapa mmoja wa chuma ambao hausogei. Jani linabanwa katikati na kukatwa kama kwa mkasi. Kwanja halifanyi hivyo. Kwanja linapiga na kuchana, ndiyo maana baada ya siku mbili ncha za majani yaliyofyekwa huwa za kahawia. Babu alinieleza tofauti hiyo kwa viganja vyake, kimoja kikitelezea juu ya kingine, halafu akapiga paja kwa nguvu kuonyesha kwanja.

Adui wa mashini alikuwa mchanga. Kabla ya kukata alifagia kiwanja chote kuondoa kokoto na mchanga uliorushwa na mvua, maana chembe chache tu zilitosha kuvitia visu mapengo. Akimaliza kunoa, alikaza skrubu za pembeni kidogo kidogo, kisha akaingiza kipande cha karatasi kati ya kisu na ubapa na kuzungusha kwa mkono. Karatasi ikikatika safi, imekaa. Ikipindika tu, rudia. Majani yakiachwa yakarefuka, mashini inayalaza badala ya kuyakata, kwa hiyo wakati wa mvua alikata kila wiki bila kukosa. Nilijaza kurasa nne. Korosho zikasubiri.

Kupanda nako kulikuwa na vichekesho vyake. Hakukuwa na mbegu. Walikwenda kung’oa ukoka mashambani, wakaukata vipande vyenye vifundo na kuupanda mvua ya kwanza ilipolowesha ardhi, shibiri moja baina ya kipande na kipande. Mkulima yeyote wa huku anaujua ukoka. Huo ndio unaorudi kwenye mtama na mihogo hata ukiukatakata kwa jembe, kwa sababu kila kipande kinachobaki ardhini kinaota upya. Baba yake Babu alikuwa ameumaliza mgongo wake akiung’oa. Siku moja akapita njiani, akamwona mwanawe amepiga magoti anaupanda kwa mstari, tena kwa mshahara. Inasemekana alisimama hapo muda mrefu bila kusema kitu, halafu akaendelea na safari yake.

Mashini hiyo ilitoka mbali. Mwaka 1830, huko Stroud, wilaya ya viwanda vya nguo katika Gloucestershire, fundi Edwin Budding alipata hataza ya mashine ya kukatia majani. Wazo alilitoa kwenye mashine za viwandani zilizonyoa manyoya ya juu ya kitambaa cha sufu ili kiwe laini. Kabla yake, bustani za matajiri wa Uingereza zilikatwa kwa miundu mirefu na kundi la wanaume, au ziliachiwa kondoo. Miaka miwili baadaye kampuni ya Ransomes ya Ipswich ikaanza kuzitengeneza. Budding aliwatangazia mabwana wa mashamba kwamba wakiisukuma wenyewe wataona ni mazoezi ya kufurahisha na ya afya. Nilimsomea Babu maneno hayo kwa Kiswahili. Hakumkumbuka bwana yeyote aliyewahi kuyahitaji mazoezi hayo.

Huko Uingereza mvua hunyesha karibu kila mwezi, na nyasi laini huota zenyewe hata pasipotakiwa. Huku kusini, mwaka huo huo wa 1830, misafara ya watumwa ilikuwa ikishuka kutoka upande wa Ziwa Nyasa kwenda Kilwa. Miaka 46 baadaye askofu Edward Steere aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani, kutoka Zanzibar, na kuanzisha kituo cha misheni ya Kianglikana chini ya yale majabali. Kituo hicho kilivamiwa mwaka 1882 na kikachomwa tena mwaka 1905, wakati wa Maji Maji. Katika miaka yote hiyo nyasi zilizokuwa na thamani hapa ni ndefu. Uliziacha zikomae, ukazikata kiangazi, ukaezekea. Nyasi fupi ilikuwa nyasi isiyofaa kitu. Nadhani hapo ndipo penye mgeuko mkubwa kuliko hata mashini yenyewe: mtu kuja na kulipa ili nyasi zisifike kimo cha kufaa.

Si kwamba watu wa huku hawajui kukata majani. Kabla korosho hazijaanza kudondoka, chini ya kila mkorosho panafyekwa na kusafishwa, kwa sababu korosho iliyoangukia kwenye majani imepotea nusu, na moto wa kiangazi ukiingia shambani hauchagui mti. Ofisa wa kilimo hana la kumfundisha mama wa Tandahimba juu ya hilo. Lakini huko majani yanakatwa ili kitu kingine kionekane.

Nyumbani ni vilevile. Uani kwetu hapatakiwi hata jani moja. Panafagiliwa alfajiri, kabla ya chai, na ufagio unaacha mistari kwenye mchanga kama iliyochorwa. Mwanamke ambaye ua wake una majani mpaka saa mbili asubuhi anasemwa. Nilipokuwa mdogo niliona ni usafi tu. Mama mdogo ndiye aliyeniambia kwamba mchanga uliofagiliwa jioni unasomeka asubuhi: nyoka akipita usiku utamjua alikopita, na mtu aliyezunguka nyumba naye ameacha unyayo. Kwenye majani nyoka hana hati. Wageni waliozoea bustani wameziita nyua zetu tupu. Mimi naona ni kazi iliyokamilika, inayofanywa upya kila siku, karibu yote na wanawake na wasichana, na hakuna anayeiita kazi.

Nikarudi kwa Babu na swali ambalo halikuwa kwenye daftari. Kiwanja kile kilikuwa cha kijani Agosti, alikuwa amesema hivyo mara mbili, kwa fahari. Lakini alianza kazi kabla bomba halijafika. Mpango wa maji wa Makonde, wa kuyapandisha maji kwa pampu kutoka bondeni, ulianza katika miaka hiyo hiyo ya 1950, na haukufika kila mahali kwa siku moja.

“Babu, maji mliyapata wapi?”

“Yalikuwa yanaletwa.”

“Na nani?”

“Na wanawake.”

“Wanawake gani, Babu?”

Alitazama mlangoni. Aliniuliza kama chai imekwisha. Halafu akasema, “Bibi yako naye alikuwamo.”

Bibi, dada yake wa tumbo moja, amefariki miaka kumi iliyopita. Nilikaa naye likizo zote za shule ya msingi. Alinisimulia habari za njaa, za jando na unyago, za mzungu aliyeanguka na baiskeli. Hakuwahi kunisimulia kwamba aliteremka bondeni na debe ili ukoka unywe. Walilipwa senti kwa debe, Babu anasema, na waliokuwa na nguvu walikwenda mara mbili kwa siku.

Nilifanya hesabu usiku ule, kwa kuwa ndiyo niliyoweza kufanya. Debe ni kama lita 20, yaani kilo 20 kichwani, juu ya mlima. Chukua kiwanja kidogo tu, mita kumi kwa kumi. Ukitaka kukilowesha milimita tano, ambazo kwenye mchanga ni kama kusalimia tu, unahitaji lita 500. Hayo ni madebe 25. Kwa siku moja.

Katika sura ninayoiandika, Babu ana nafasi tayari: kijana mwenye cheo cha mtunza bustani, mwenye mshahara wa mwezi na chombo alichokabidhiwa. Ng’ambo ya ua, anakumbuka, wafungwa walifyeka pembezoni mwa barabara kwa makwanja, askari akiwa kivulini. Babu hakuchanganyika nao na mpaka leo anataka jambo hilo lieleweke. Kusukuma kulikuwa kazi, kufyeka kulikuwa adhabu. Mimi nimesoma shule ya msingi Masasi, nimekwenda shule na kwanja, ndoo na fagio la chelewa, na aliyechelewa alipimiwa eneo lake la kufyeka, kwa hiyo mgawanyo huo naujua kwa malengelenge. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka wanafunzi washike kazi za shule yao kwa mikono yao. Sidhani kwamba alikusudia majani yawe kiboko. Kwa vyovyote wafungwa wana daftari lao gerezani na wanafunzi wana mahudhurio yao. Bibi namwandika kwa neno la kaka yake tu, neno lililotoka kwa shida baada ya chai kwisha. Msimamizi wangu anauliza kama ushahidi wa mtu mmoja unatosha kuibeba sura nzima. Ni swali la haki, na nimemjibu kwamba nitawatafuta wazee wa kike waliobaki Newala, kabla hatujabaki na mashini peke yake.

Mwaka jana mtoto wa mama mdogo, anayefanya kazi Mtwara, alimaliza kujenga nyumba ya familia na akataka mbele yake pawe na ukoka wote mpaka barabarani. Mama mdogo alikataa kabisa. Maji ya bomba kutoka Mitema yanakuja yanapopenda, na yasipokuja ni ndoo za kununua, naye hawezi kununua ndoo akazimwagia chini. Tena nyoka je? Kaka naye alikuwa na hoja ambayo sikuweza kuipuuza. Upande wa mteremko, kufagia kwa miaka mingi na maji ya paa vimeula mchanga mpaka msingi wa nyumba ya zamani umebaki nje kama fizi. Mizizi ya ukoka ingeushika.

Walibishana wiki mbili. Mwishowe ukapandwa ukanda mmoja tu, upande wa mteremko, upana wa hatua nne, kwa sharti kwamba utakunywa mvua na basi. Kiangazi ukikauka, ukauke. Desemba mvua ilipoanza, Babu aliletwa kwa bajaji akaketishwa kwenye kiti karibu na ukanda huo, akawa anapima shibiri kwa macho na kuwarudisha vijana waliopanda mbali. Februari ulikuwa umeziba wote. Mama mdogo anafagia mpaka kwenye ukingo wake, na anausimamisha hapo kwa ncha ya jembe.

Siku ya kuukata, Babu aliuliza mashini iko wapi. Tukamwambia haipo, tuna kwanja. Akaomba kiti chake kigeuzwe upande wa barabara.