Kahawa ya Kutafuna: Tunda la Heshima Bukoba na Muleba Kabla ya Soko

Maelezo mengi kuhusu kilimo cha kahawa katika Mkoa wa Kagera huanza na utawala wa Wajerumani, na kwa kufanya hivyo huacha nje sehemu ndefu na nzuri zaidi ya historia yenyewe. Mbuni wa robusta, ambao wataalamu wa mimea huuita Coffea canephora, ni mti wa asili wa misitu ya Afrika ya joto, unaopatikana tangu magharibi mwa bara hadi nchi zinazopakana na Ziwa Viktoria, na Wahaya wa Bukoba na Muleba walikuwa wakiyatumia matunda yake majumbani kabla Emin Pasha hajafika mwaka 1890 kujenga kituo cha Kijerumani cha Bukoba. Hata Albrecht Zimmermann, mtaalamu wa mimea wa kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, alipouchunguza mbuni huu mwanzoni mwa karne ya 20 aliuita Coffea bukobensis, jina ambalo baadaye liliachwa ilipothibitika kwamba mti ni uleule wa robusta.

Matumizi hayo ya nyumbani hayakuwa ya kunywa. Kahawa, iitwayo emwani kwa Kihaya, ilikuwa ya kutafuna, na utayarishaji wake ulihitaji ustadi: matunda yalichumwa yakiwa mabichi, kabla hayajawa mekundu, yakachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha yakakaushwa kwa jua au kwa moshi wa jikoni mpaka ganda likashikana na punje na tunda likaweza kuhifadhiwa kwa muda mrefu. Tunda lililokauka hivyo hutiwa mdomoni zima, likatafunwa polepole, na kafeini iliyomo, yaani kile kiini kinachochangamsha mwili, humwondolea mtu uchovu na kumtulizia njaa, jambo lililoifanya kahawa hii kuwa akiba ya msafiri na ya mvuvi. Uchungu wa kahawa Wahaya waliuthamini, wakauongezea manukato.

Habari za desturi hii zilifika mbali mapema. Richard Burton, aliyekaa Kazeh, yaani Tabora ya leo, katika safari yake ya miaka ya 1857 na 1858, alielezwa na wafanyabiashara Waarabu juu ya kahawa ya Karagwe, na katika kitabu chake cha mwaka 1860 aliandika kwamba wenyeji waliitafuna badala ya kuichemsha na kuinywa.

Heshima ya kahawa ilionekana zaidi katika mahusiano ya watu. Mgeni alipoingia nyumbani alikaribishwa kwa punje chache kabla ya chakula, na nyumba isiyokuwa na kahawa ya kumpa mgeni ilijiona imepungukiwa. Uzito mkubwa kuliko wote ulikuwa katika omukago, yaani undugu wa kuchanjiana damu, ambao uliwafunga watu wawili wa koo tofauti wasaidiane na wasidhuriane kamwe. Tunda moja la kahawa hubeba punje mbili zilizolaliana ndani ya ganda moja, na kwa sababu hiyo lilifaa kuliko tunda lolote jingine: kila mmoja alipaka damu yake kwenye punje moja, na mwenzake akaimeza.

Kitu chenye thamani kama hiyo hakikuachwa mikononi mwa kila mtu. Katika falme za Wahaya, kama Kiziba, Kyamutwara, Kihanja na Ihangiro, ambayo eneo lake kubwa leo limo wilayani Muleba, upandaji wa mibuni ulisimamiwa na watawala walioitwa Abakama, na mti wenyewe ulihesabiwa kuwa alama ya ukuu. Ndiyo maana mageuzi ya Wajerumani yalikuwa makubwa kuliko yanavyoonekana katika takwimu za mauzo. Reli kutoka Mombasa ilipofika ukingoni mwa ziwa, mahali panapoitwa Kisumu leo, mwaka 1901, na meli zikapata mzigo wa kubeba, utawala ukiwatumia watawala kama Kahigi wa Kihanja uliwahimiza raia wapande mibuni ndani ya vibanja, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, ili wapate fedha za kodi. Tunda la kumpa mgeni likawa tunda la kumlipa mkusanya kodi.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Wakulima walipinga kanuni za kilimo cha kahawa za Waingereza mwaka 1937, wakaunda chama kikuu cha ushirika, BNCU, mwaka 1950, na mfumo wa nyarubanja, uliowafanya wakulima kuwa wapangaji wa mabwana katika ardhi waliyoilima, ukaondolewa kwa sheria mwaka 1965. Katika muongo huohuo kilianzishwa mjini Bukoba kiwanda cha TANICA cha kutengeneza kahawa ya unga inayoyeyuka katika maji ya moto. Soko hutaka tunda jekundu lililoiva, ilhali kahawa ya kutafuna hutaka tunda bichi, na kwa hiyo kila kikapu kinachochumwa kwa ajili ya mgeni ni kikapu ambacho familia imeamua kutokukiuza.

Kahawa ya kutafuna bado inauzwa Bukoba, lakini ujuzi wa majani ya kuchemshia na wa muda wa kukausha umo vichwani mwa wazee wa kila familia. Shule na vyama vya ushirika vya Kagera vina wajibu wa kuuandika ujuzi huo wakati wenyewe wangali hai.