Paka Hakubadilika, Sahani Ndiyo Ilibadilika

Kuna watu wakisikia paka ako na ugonjwa wa sukari wanacheka. "Hizo ni shida za watu wa Karen," wanasema. Leo nataka tuongee historia, juu ukiifuata vizuri utaona huu ugonjwa hauangalii mfuko wa mwenye paka. Unaangalia vitu viwili: paka anafanya kazi gani, na anakula nini.

Tuanze mbali. Mwaka 2004 wanaakiolojia walitangaza kwamba wamepata kaburi la miaka kama 9,500 huko kisiwani Cyprus. Ndani kulikuwa na mtu, na karibu naye amezikwa paka. Kisiwa hicho hakina paka wa asili, kwa hivyo lazima kuna mtu aliwavusha bahari. Mbona ujisumbue kuvusha paka? Wakulima wa kwanza walikuwa wameanza kuweka nafaka, panya wakaifuata nafaka, paka akafuata panya. Urembo ulikuja baadaye. Paka alianza kama askari wa ghala, na mabaharia nao wakambeba kwa vyombo vyao kwa sababu hiyo hiyo. Enda Lamu hata leo uone: paka wembamba, miguu mirefu, wanazunguka vichochoroni wakingoja vichwa vya samaki. Hao hawana nafasi ya kunenepa.

Mwili wa paka ulijengwa kwa maisha hayo. Panya ni protini na mafuta, wanga ndani yake ni kidogo sana. Paka hata haonji utamu. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba jeni ya kuonja sukari haifanyi kazi kwa paka wa nyumbani, na kwa chui-milia na duma pia.

Sasa angalia kilichotokea karne iliyopita. Mwaka 1947, huko Marekani, jamaa anaitwa Edward Lowe alianza kuuza udongo mkavu unaofyonza mkojo wa paka. Kabla ya hapo watu walitumia mchanga au jivu, na paka wengi walitoka tu nje. Kitu kidogo, lakini ndicho kilifunga mlango: paka sasa angeweza kuishi ndani maisha yake yote. Miaka ya 1950 viwanda vikaanza kutengeneza chakula cha punje kavu kwa mashine za joto na presha, na punje hizo hazishikani bila wanga. Halafu kuhasi paka kukawa kawaida.

Kila moja ya hizi ina faida yake. Paka wa ndani hagongwi na nduthi, na kuhasi kunapunguza vitoto vinavyotupwa sokoni. Lakini ziweke pamoja. Askari amestaafishwa, amefungiwa ndani, mwili wake baada ya kuhasiwa unahitaji chakula kidogo huku hamu ikipanda, na sahani imejaa kutoka asubuhi hadi asubuhi. Yeye hakuchagua hata moja.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 ulipata kwamba paka wanene sana wako kwenye hatari ya kupata sukari karibu mara 4 kuliko paka wa uzito mzuri. Inafanana sana na ile sukari ya watu wazima wetu: mafuta yanafanya mwili usiisikie insulini, kongosho inajisukuma, mwishowe inachoka.

Tiba yenyewe inatokana na wanyama. Mwaka 1889, mjini Strasbourg, madaktari wawili, Minkowski na von Mering, walitoa kongosho ya mbwa na mbwa akapata sukari. Ndipo ikajulikana ugonjwa unatoka wapi. Mwaka 1921, Toronto, Banting na Best pia walitumia mbwa hadi wakapata insulini, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mtu wa kwanza kutibiwa nayo. Kwa miaka 60 hivi iliyofuata, insulini ya dunia nzima ilitoka kwa kongosho za ng'ombe na nguruwe wa kichinjio.

Paka hapo alikuwa na bahati. Insulini ya ng'ombe inatofautiana na ya paka kwa asidi amino moja tu. Ya binadamu inatofautiana kwa 4. Kisha mwaka 1982 Marekani ikaidhinisha insulini ya binadamu inayotengenezwa na bakteria, na ile ya ng'ombe ikaanza kupotea sokoni. Kwetu sisi watu hiyo ilikuwa hatua kubwa. Paka naye alipoteza dawa iliyokuwa karibu zaidi na yake, na hakuna aliyemuuliza. Madaktari wa wanyama wakaanza kujaribu dawa za watu. Miaka ya 2000 watafiti wa Australia walitumia insulini ya glajini pamoja na chakula cha protini nyingi na wanga kidogo, na paka wengi waliogunduliwa mapema walipona kiasi cha kuacha sindano kabisa. Desemba 2022 Marekani ikaidhinisha kidonge cha kwanza cha sukari ya paka, ingawa si kila paka anakifaa.

Kuna swali siwezi kulikwepa. Hapa Kenya kuna watu wanakosa insulini. Siwezi kumwambia mtu ambaye shosho yake anabana dozi ifike mwisho wa mwezi kwamba paka ndiye wa kwanza. Lakini historia hii haikulazimishi uchague. Inakuonyesha shida ilianzia kwa sahani, na sahani iko mkononi mwako. Sasa hivi sisi ndio tunafungia paka kwa bedsita za Roysambu na Rongai, tunamwachia punje tunaenda kazi. Tumeingia njia ile ile Wamarekani walipita, na tunajua iliwafikisha wapi.

Kwa hivyo pima chakula, usijaze tu. Mchezeshe jioni akimbize kamba, hiyo ni bure. Kama ni mnene, usimnyime chakula ghafla: paka mnene akikaa siku chache bila kula, ini lake linajaa mafuta na anaweza kufa. Apunguze polepole, kama asilimia 1 ya uzito kwa wiki. Paka wa kilo 6, hiyo ni robo kilo hivi kwa mwezi. Na ukiona anakunywa maji sana, anakojoa sana, anakula na bado anakonda, mpeleke kwa daktari wa wanyama mapema. Insulini ya shosho usiiguse. Kuna insulini za uniti 40 kwa mililita na za uniti 100, kila moja na sindano yake, na ukizichanganya unaweza kumuua.

Paka ni yule yule wa ghalani. Sisi ndio tulimwachisha kazi, kwa hivyo sisi ndio wa kupima anachokula.