Wapigaji wa Nyuma: Kunakili Taarab ya Misri katika Vilabu vya Unguja na Kidumbak cha Ng'ambo

Historia ya taarab ya Unguja imezoea kusimuliwa kwa majina mawili makubwa. La kwanza ni la Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ambaye kwa mujibu wa simulizi aliwaleta wanamuziki wa Misri katika kasri lake na kumpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze kupiga kanuni. La pili ni la Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyehamia mjini mwaka 1911 na kurekodi santuri Bombay mwaka 1928. Kati ya majina hayo wamesimama watu ambao simulizi huwapita haraka, nao ni wapigaji wa fidla, udi, kanuni na ngoma waliotumia miaka mingi ya maisha yao kupiga muziki uliotungwa na wengine. Insha hii inachunguza kazi yao. Hoja inayojengwa ni kwamba kunakili hakukuwa hatua duni iliyotangulia taarab ya kweli ya Kiswahili. Kulikuwa ni kazi ya kitaalamu iliyojenga masikio, mikono na mpangilio ambao bila hivyo taarab hiyo isingepata umbo linalojulikana leo.

Jambo hili si la Unguja pekee. Katika Ulaya, Marekani ya Kaskazini na Australia zimeenea bendi ambazo kazi yake ni kuupiga upya, kwa uaminifu mkubwa, muziki wa bendi nyingine. Roki ya progresivu, yenye nyimbo ndefu za sehemu nyingi na mapigo yanayobadilika ghafla, imezaa bendi nyingi za kuenzi za namna hiyo. The Australian Pink Floyd Show ilianzia Adelaide mwaka 1988, na The Musical Box ya Quebec imekuwa tangu mwaka 1993 ikirejesha jukwaani maonyesho ya Genesis ya miaka ya 1970. Wasikilizaji hulijua jina la bendi inayoenziwa, lakini ni wachache wanaoyajua majina ya wapigaji waliomo ndani ya bendi inayoenzi. Ni kinaya kidogo cha historia kwamba Freddie Mercury wa Queen, mmoja wa wanaoigwa sana katika majukwaa hayo, alizaliwa Unguja mwaka 1946, katika mji ambao tayari ulikuwa na uzoefu wa takriban miaka 40 wa vilabu vilivyopiga muziki wa watu wa mbali.

Uzoefu huo unahesabiwa tangu mwaka 1905, ilipoanzishwa Nadi Ikhwani Safaa. Wanachama wake waliagiza ala kutoka Misri, na kwa takriban nusu karne waliimba kwa Kiarabu nyimbo walizojifunza kutoka kwenye santuri. Baadaye zikaongezeka filamu za Misri na matangazo ya redio ya Cairo, yaliyozisambaza nyimbo za Umm Kulthum na Mohamed Abdel Wahab kote katika ulimwengu wa Kiarabu na mwambao wake. Mpigaji wa Unguja hakuwa na karatasi ya noti mbele yake. Alikuwa na santuri, na santuri ya zama hizo ilibeba dakika chache tu kila upande, hivyo wimbo mrefu ulikatwa vipande na msikilizaji akalazimika kuviunga mwenyewe kichwani.

Ugumu wa kazi hiyo unaonekana zaidi katika maqamu. Baadhi ya maqamu za Kiarabu hutumia sauti zinazoangukia katikati ya vibonyezo viwili vya piano. Mpigaji wa fidla huzipata kwa kusogeza kidole kidogo tu, na mpigaji wa kanuni huzipata kwa kuinua au kushusha vikono vidogo vilivyopangwa kando ya nyuzi zake. Akodioni, ambayo vilabu vya Unguja viliipokea na kuipenda, haina njia hiyo, kwani sauti zake zimefungwa tangu kiwandani. Klabu iliyoweka akodioni, fidla na kanuni katika safu moja ililazimika kuchagua ama kuirekebisha akodioni, ama kuinyamazisha panapohitajika sauti za katikati, ama kuupeleka wimbo kwenye maqamu inayoafikiana na ala zote. Uchaguzi wa namna hii hausikiki kwa asiyejua, lakini ndani yake nakala huanza kuachana na asili. Anayesema kwamba vilabu hivi viliiga tu hajazingatia kilichohitajika ili kuiga kuwezekane.

Wakati vilabu vya Mji Mkongwe vikiendelea na Kiarabu, kundi la Siti binti Saad lilikwisha kuchukua njia nyingine. Waliompigia walikuwa Subeit bin Ambari kwenye udi, Buda bin Mwendo kwenye fidla na Mbaruku Effandi kwenye mandolini, pamoja na Maalim Shaaban, ambaye pia aliimba. Wapigaji hawa waliujua mtindo wa Misri vizuri kiasi cha kuupinda ufuate lafudhi na mizani ya shairi la Kiswahili. Laura Fair ameonesha namna nyimbo za Siti zilivyobeba mambo ya mahakama, kodi na heshima ya watu wa Ng'ambo. Uchambuzi huo ni wa thamani kubwa, ila umeelekea zaidi kwenye maneno. Muziki uliobeba maneno hayo ulihitaji watu waliokwisha kunakili kwa bidii hata wakajua ni wapi nakala inaweza kuachwa.

Ng'ambo ilikuwa upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe na mitaa ya nyumba za udongo, hori ambalo baadaye lilifukiwa. Katikati ya mitaa hiyo ipo Michenzani, jina linaloelekea kutokana na miti ya michenza. Huku uigaji wa mara ya pili ulifanyika. Taarab ya vilabu ilihitaji ala za gharama, ukumbi na wanachama wenye nafasi. Watu wa Ng'ambo waliokuwa wakiishi kwa vibarua, uchukuzi na biashara ndogo waliupokea muziki huo na kuupiga kwa vifaa walivyoweza kuvipata. Fidla ilibaki kama sauti kuu. Besi ikapatikana kwa sanduku la chai lililofungwa ufito na uzi mmoja, na mpigaji hupandisha au kushusha sauti kwa kuuvuta ufito huo. Ngoma mbili ndogo za udongo hupigwa na mtu mmoja, nazo ndizo zilizoipa kidumbak jina lake. Cherewa za vifuu na vijiti vya mkwasa hushikilia mwendo.

Ilivyo, kidumbak hakiigi klabu hadi mwisho. Katika klabu, hadhira huketi, na atakaye kumtunza mwimbaji huinuka kwa utaratibu na fedha mkononi. Kidumbak hupigwa nje, arusini, na watu hucheza. Nyimbo huungwa moja baada ya nyingine bila kusimama, mapigo yakizidi kuchangamka, na mfululizo mmoja unaweza kukaribia saa nzima. Wimbo wa klabu uliokuwa wa kusikilizwa kwa utulivu hugeuka humo kuwa wa kiuno. Janet Topp Fargion, katika utafiti wake kuhusu taarab ya Zanzibar, amekitazama kidumbak pamoja na taarab ya vilabu kama sehemu za uwanja mmoja wa muziki, na mtazamo huo unathibitishwa na wapigaji wenyewe. Makame Faki, maarufu kwa jina la Sauti ya Zege, alikuwa mwimbaji wa Culture Musical Club na wakati huohuo mtu wa kidumbak. Mkono uleule ulishika fidla katika safu ya okestra na katika uwanja wa arusi.

Culture Musical Club yenyewe ilianza mwaka 1958 kwa jina la Shime Kuokoana, ikiwa na uhusiano na vijana wa Chama cha Afro-Shirazi. Kufikia katikati ya miaka hiyo ya 1950, Ikhwani Safaa nayo ilikuwa imeanza kutunga na kuimba kwa Kiswahili. Sauti ya Unguja, iliyoanzishwa mwaka 1951 na iliyokuja kutangaza kutoka Rahaleo, jirani na Michenzani, iliongeza haja ya nyimbo mpya za lugha ya wasikilizaji. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 vilabu viliingizwa katika mfumo wa chama na serikali, na Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya taarab. Kilichobaki cha Cairo kilikuwa ukubwa wa okestra, safu za fidla na bashraf ya kufungulia, yaani mambo yale hasa ambayo ni kazi ya wapigaji.

Miaka hiyohiyo Michenzani ilibadilika sura. Chini ya Rais Abeid Amani Karume, na kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, nyumba za zamani zilibomolewa kupisha majumba marefu ya ghorofa yanayokutana kwenye mzunguko. Mipango ya mji ilihesabu nyumba na barabara. Ua ulioweza kutosha sanduku, fidla na wachezaji haukuwa kitu cha kuhesabiwa. Kidumbak, kwa kuwa hakikufungwa na ukumbi, kiliweza kuhamia popote palipo na arusi.

Uigaji wa tatu unapatikana kwa Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013. Sehemu kubwa ya sifa yake ilitokana na nyimbo za Siti binti Saad, ukiwemo Muhogo wa Jang'ombe, ambazo aliziimba miongo mingi baada ya Siti kufariki mwaka 1950. Hakuna aliyemwita mwigaji, na ni sahihi. Swali linalobaki ni kwa nini hukumu hiyo ya ukarimu haijatolewa kwa wapigaji wa Ikhwani Safaa wa miaka ya 1920, waliofanya jambo lilelile kwa ala badala ya koo. Huenda sababu ni kwamba Siti alikuwa wa Unguja na Umm Kulthum wa Misri. Kama ndivyo, kipimo kinachotumika ni cha uraia, na si cha muziki.

Mwaka 2002 Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilianzishwa katika Jumba la Zamani la Forodha, Forodhani. Humo vijana hufundishwa udi, kanuni na fidla, na kidumbak pia kina nafasi yake. Wengi husoma noti, jambo ambalo wapigaji wa santuri hawakulipata, ingawa sauti zile zilizo katikati ya vibonyezo bado hufundishwa kwa mwalimu kupiga na mwanafunzi kurudia.