Dar Hii, Umepanga Wapi?

Ukihamia Dar watu hawakuulizi kwanza unafanya kazi gani. Wanakuuliza umepanga wapi. Ukijibu Masaki wanakuangalia upya kuanzia viatu. Ukijibu Mbagala wanakupa pole ya foleni, na ukijibu Tandale wanacheka kidogo halafu wanabadilisha mada. Jibu moja tu, mtu ameshajua (au anadhani ameshajua) unalipwa kiasi gani na jioni unafika kwako saa ngapi.

Mimi hujibu Ilala, na wengi wa rika langu hushangaa. Eti Ilala si ya wazee? Mbona usitafute Goba au Mbezi, upate nyumba yenye uzio na maegesho? Gari sina, nikawaza, hayo maegesho nitayaegesha nini. Nilipokuja hapa mjini kuanza kazi ya gazeti nilikuwa na masharti mawili: nitembee kwa miguu kwenda kazini, na majirani zangu wasiwe wote watu wa mshahara mmoja, dini moja na mkoa mmoja. Madalali walinizungusha mji mzima, na nikaanza kuona kwamba masharti yangu mawili hupatikana mahali pamoja, tena katika maeneo ya kuhesabika: Kariakoo, Ilala, Magomeni, sehemu za Upanga na Kisutu. Nje ya hapo ukipata kimoja unakosa kingine. Nikajiuliza kwa nini, nikaingia kwenye vitabu vya historia ya mji, na huko nilikutana na mambo ambayo dalali hawezi kukueleza.

Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga mji huu miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima, akafariki 1870 ukiwa bado haujasimama sawasawa. Wajerumani ndio walioufanya mji wa serikali walipohamisha makao yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na mwaka huohuo wakatoa kanuni za ujenzi. Kanuni hizo ziliugawa mji kwa kutazama nyumba. Karibu na bahari, upande wa mashariki, ijengwe nyumba ya Kizungu tu. Inayofuata iwe nyumba ya vifaa vya kudumu. Nyumba za udongo na makuti, huko nyuma.

Waingereza walioingia Septemba 1916 waliukuta mpango huo wakaupenda. Walikuwa na tatizo moja tu: Tanganyika haikuwa koloni lao la kawaida, walikabidhiwa na Shirikisho la Mataifa, na isingependeza sheria iseme waziwazi kwamba mtu mweusi haruhusiwi kukaa hapa. Basi sheria ikazungumzia makuti na saruji. Mwaka 1924 yakathibitishwa maeneo matatu, la kwanza, la pili na la tatu, kila moja na aina yake ya ujenzi. Watu wa mjini hawakuhangaika na namba. Waliita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na wewe na mimi mpaka leo tunasema "uswahilini" bila kujua kwamba tunataja kipande cha ramani ya mkoloni.

Kariakoo yenyewe ilikuwa shamba. Wajerumani walilinunua karibu na Vita Kuu ya Kwanza wakitaka kuwahamishia Waafrika huko, wakapima mitaa iliyonyooka, vita vikawakuta. Jeshi la Kiingereza likaweka pale kambi ya wapagazi wake, Carrier Corps, na ndilo jina tulilolitafuna likawa Kariakoo (Nairobi wanayo Kariokor yao, ndugu wa damu kabisa). Wale wapagazi walibeba mizigo ya vita visivyowahusu na wakafa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Ukipita Mtaa wa Mahiwa au Narung'ombe ukinunua vitenge, kumbuka hayo ni majina ya mahali kule kusini palipopiganwa mapigano makali mwaka 1917. Nimewauliza wauza duka kadhaa wa Narung'ombe jina limetoka wapi. Mmoja alisema ni habari ya ng'ombe.

Katikati ya Kariakoo na Uhindini mkoloni aliacha uwanja mtupu: Mnazi Mmoja. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya, maana maafisa wa wakati ule walihofia maradhi ya Mwafrika yasivuke barabara. Huo uwanja ndio navuka kila asubuhi.

Natoka Ilala saa kumi na mbili na nusu, nafuata Mtaa wa Uhuru ambao zamani uliitwa Kichwele. Napita Karume wauza mitumba wakifungua marobota, naikata Msimbazi, Kariakoo ikiwa mkono wa kushoto tayari imeshaamka kabla ya jua. Nikifika Lumumba naingia Mnazi Mmoja, navuka Bibi Titi Mohamed, naingia Kisutu penye harufu ya bajia na misikiti na mahekalu yaliyokaa karibu karibu, natokea Samora kwenye sanamu ya Askari iliyosimamishwa 1927. Dakika hamsini hivi, kama sijasimama kunywa kahawa. Kwa safari hiyo moja nimetoka eneo la tatu, nimepita uwanja wa karantini, nimekata eneo la pili na kuingia la kwanza. Niliishi hapa miezi kadhaa kabla ya kuligundua hilo, na tangu siku ile siioni tena njia yangu kama zamani.

Mbona basi Uswahilini ndiko kunakotembeka? Sababu moja ni ya ukatili wa kawaida. Mji ulihitaji makuli, mafundi, makarani na wapishi, na wote walikwenda kazini kwa miguu. Ilibidi wawekwe karibu, ila wasiwe karibu mno. Viwanja vilikuwa vidogo, mitaa mifupi, njia panda kila baada ya hatua chache. Oysterbay iliyokuja kupimwa baadaye ilifikiria mtu mwenye gari. Nenda leo ujaribu kununua kiberiti pale bila gari, utanipigia simu.

Sababu ya pili ni nyumba. Nyumba ya Kiswahili unaijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani kuna jiko, choo na kamba za nguo, mbele kuna baraza. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja au viwili, vingine anapangisha kimoja kimoja, kwa yeyote mwenye kodi. Kwa mpango huo paa moja linakusanya Mzaramo mwenye nyumba, Mmanyema, Mnyamwezi, Mngoni na msichana aliyeshuka jana kwenye treni. Hakuna aliyekaa ofisini akapanga mchanganyiko huo. Kodi ya chumba ndiyo iliyoupanga, na uani mnashirikiana bomba mtake msitake.

Kwa jicho hili ndipo nilipoielewa TANU. Ilizaliwa Julai 7, 1954, kwenye nyumba ya New Street, yaani Lumumba ya leo, mkabala na uwanja uliokusudiwa kuwatenganisha watu. Bibi Titi aliwaingiza wanawake kwenye chama kupitia vikundi vya ngoma, nyumba kwa nyumba. Jaribu kufanya hivyo Mbweni ya leo, penye mageti na mbwa. Nyerere mwenyewe alipoacha ualimu Pugu mwaka 1955 akawa mtu wa siasa mjini, na nyumba yake iliyokuja kuwa makumbusho ipo Magomeni. Hata yeye, ukipenda kusema hivyo, aliulizwa umepanga wapi.

Uhindini iliingiliwa kwa njia tofauti kabisa. Aprili 1971 serikali ilipitisha sheria ya kutaifisha majengo yaliyopangishwa yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Yakaenda kwa Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba. Wengi waliopoteza walikuwa Wahindi, wakiwemo watu wa kawaida walioweka akiba ya maisha yao kwenye ghorofa moja ya kizee, na wengi wao waliondoka nchini. Familia za Kiafrika zikaanza kupata vyumba Upanga na Kisutu. Nasikia watu wakisimulia habari hii kama haki tupu, wengine kama wizi mtupu. Mimi nina rafiki anayekaa Upanga katika nyumba aliyopewa babu yake wakati ule, na mwenzake wa ghorofa ya chini ni mjukuu wa mwenye jengo la awali, aliyebaki kama mpangaji. Wanasalimiana vizuri. Mchanganyiko wa mtaa ule ni wa kweli na ninaupenda, na ulilipiwa na mtu.

Sasa Kariakoo. Soko lile la shimoni lenye paa la mifuniko mikubwa kama uyoga, kazi ya mbunifu wetu Beda Amuli, lilifunguliwa 1975 na kuungua Julai 2021. Lakini kilichoibadili Kariakoo kimeanza zamani kidogo, tangu biashara ilipofunguliwa miaka ya 1980 na 1990. Nyumba za Kiswahili zinavunjwa, ghorofa zinapanda, chini maduka, juu stoo za mizigo. Novemba 16, 2024, moja ya ghorofa hizo iliporomoka watu wakiwa dukani ikaua zaidi ya ishirini. Nilikwenda pale kesho yake kikazi, na wazee wa mtaa walikuwa wakitaja kiwanja kile kwa jina la bibi aliyekuwa na nyumba yake pale zamani. Wapangaji wa vyumba vya bibi kama yule wako Chanika, Gongo la Mboto, Mbagala. Wanarudi Kariakoo kila alfajiri kwa daladala mbili, kufanya kazi mahali walipokuwa wakiishi.

Mwendokasi ulianza 2016 na umesaidia walioko Kimara. Kwa upande wa Ilala umepandisha pia hamu ya wenye fedha, maana kiwanja karibu na kituo kina wateja wengi. Mtaani kwangu nyumba tatu zimeshabomolewa tangu nihamie. Mwenye nyumba wangu, mama mmoja mtu mzima anayeniita "mwanangu wa magazeti", amefuatwa na mnunuzi mara mbili. Mara ya pili alimtengea chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia atawauliza wanawe. Wanawe wako wanne na wawili wanataka kuuza.

Kwa hiyo kama unakuja Dar mwaka huu na una masharti kama yangu, chumba bado kipo, Ilala na Magomeni hasa. Nenda ukione jioni, siyo mchana, uone taa za njiani na nani amekaa barazani, hasa kama wewe ni dada na utakuwa unarudi saa tatu. Kaa mbali na bonde la Msimbazi hata kama kodi ni ya kutupa, maana mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu na maji hayajaacha kurudi. Dalali atataka kodi ya mwezi mmoja iwe yake, mwenye nyumba ataomba ya miezi sita. Kabla hujatoa hata shilingi, kaa naye uani, msalimie vizuri, umuulize wanawe ni wangapi na kama wameshakubaliana juu ya nyumba.