Mdumao: Jina la Mti Uchimbuliwao kwa Ajili ya Bonsai

Wajapani, waliopokea kwa Wachina sanaa ya kuotesha mti katika chombo kifupi, wakaiita bonsai, yaani kilichopandwa siniani, wana neno jingine, yamadori, lililotungwa kwa mlima na kutwaa, nalo ni jina la mti uliojiotea nyikani, ukateswa na upepo, moto na meno ya mbuzi hata ukazeeka pasipo kurefuka, kisha ukachimbuliwa ili ukamalizie umri wake chomboni. Ama bonsai sina ugomvi nayo. Atakaye Kiswahili na aseme mti wa sinia, wala isimtaabishe kwamba sinia nayo, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kitu cha Kichina. Wasemao mti kibeti ndio wakosao, kwani kibeti huzaliwa kibeti, ilhali mbegu ya bonsai ni ile ile ya mti wa dhiraa hamsini. Yamadori ndilo lililobaki bila jina.

Katika yamadori, mabingwa wa Ulaya huutafuta sana mwaloni. Jina hilo tulilipata katika Biblia, kwenye mialoni ya Mamre alikopiga hema Ibrahimu, nalo limefuata Kiebrania. Lakini mtu wa Kagera akitajiwa mwaloni hudhani ametumwa ziwani, mitumbwi ishushapo samaki. Na mti wenyewe hanao, maana mialoni ya asili ya Afrika iko kaskazini ya Sahara.

Alichonacho mtu wa Karagwe mkoani humo Kagera, na wa Kyerwa iliyomegwa humo mwaka 2012, ni mti ambao Wanyambo na Wahaya huuita omutoma, na wataalamu Ficus natalensis, mti wa mipaka na wa kivuli cha kahawa, ambao gome lake lilikuwa nguo Uhaya na Buganda: hubanduliwa, shina likafungwa majani ya migomba, likaota gome jipya. Mti uliostahimili kuvuliwa ngozi hautishiki kwa kukatwa mizizi.

Mchaguzi asidanganywe na matawi, kwa kuwa hayo huota tena. Apige magoti, afukue udongo kwa vidole, atazame pale shina lizamapo ardhini: likiwa nene mithili ya paja la mtoto, likapungua upesi kuelekea juu, na mizizi imetambaa pande zote, basi amepata. Mwaloni una shida zaidi, kwani mzizi wake mkuu huzama mno, hata mchimbaji aghalabu hukata mizizi ya upande mmoja mwaka huu na ya upande wa pili mwaka ujao, ndipo auinue. Mtoma hauna kiburi hicho. Uchimbwe mvua za vuli zianzapo, utomvu wake mweupe uachwe ukauke, upandwe penye changarawe isiyotuamisha maji.

Sasa jina. Mtu aweza kusema mti wa mateka, lakini neno hilo lamsifu mchimbaji na kuusahau mti. Na maotea, neno la mabwana shamba, ni miche michanga. Mimi nachagua mdumao, wingi midumao, kutokana na kudumaa, kwa sababu hilo hasa ndilo jicho lilitafutalo kabla jembe halijashikwa.

Midumao bora imo vilimani, penye mawe, lakini si kila kilima huchimbwa: tangu 2019 Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, hiyo ya pili yenye jina la mfalme aliyempokea mpelelezi Mwingereza Speke mwaka 1861, ni hifadhi za taifa, na misitu ya hifadhi nayo inalindwa na Sheria ya Misitu ya 2002. Afadhali kumwomba jirani mwenye kibanja, ambaye mpaka wake una mitoma iliyofyekwa mwaka baada ya mwaka. Huenda akastaajabu kwamba kisiki kilichomvunjia mapanga kimepata mtu wa kukitaka.